Ng'ombe Twawaosha Kila Juma. Mwenye Ng'ombe Je?

Ndugu mkulima, kila mfugaji mwenye akili ajua siku yake ya josho. Siku hiyo ikifika, ng'ombe hupelekwa, kupe wawe wameonekana au hawakuonekana. Hakuna mtu asemaye, "Juma hili sijaona kupe hata mmoja, basi nitangoja mpaka ng'ombe augue ndipo nimpeleke." Mtu wa namna hiyo tungemcheka, maana twajua sote ya kwamba ndigana haipigi hodi. Kupe huutia ugonjwa kabla mwenye ng'ombe hajamwona kupe mwenyewe. Ng'ombe wa gredi akisha kuvimba tezi na kupumua kwa shida, gharama huwa kubwa, na mara nyingi mkono umekwisha kuchelewa.

Sasa nauliza swali, nami naliuliza kwa heshima: mwenye ng'ombe je? Yeye siku yake ni ipi? Sisemi habari ya maji na sabuni. Nasema habari ya kupimwa presha na sukari, na kumeza dawa yake kwa tarehe, awe asikia maumivu au hasikii. Katika kata zetu mna wakulima wengi wanaoweza kukutajia siku ambayo kila ndama alipata chanjo, lakini wao wenyewe hawajapata kufungwa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi tangu wazaliwe. Hilo ndilo nitakalo tulizungumze mwezi huu, maana naona ya kuwa mashamba mengi yanaharibika kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya ukame.

MAGONJWA YA NAMNA MBILI

Mimi nilifunzwa ualimu kabla sijashika kalamu ya ofisi ya kilimo, na mwalimu hupenda kuanza kwa kupambanua. Basi tupambanue. Kuna magonjwa ya wageni na magonjwa ya wapangaji. Mgonjwa wa malaria au wa kichomi hulala kitandani, hupewa dawa, hupona, na ugonjwa huenda zake. Huyo ni mgeni. Lakini kuna magonjwa yaingiayo katika mwili na kukaa humo: shinikizo la damu, ambalo wengi twaliita presha, na kisukari, na pumu, na kifafa, na udhaifu wa moyo. Hao ni wapangaji. Aghalabu hawafukuzwi, bali hutawaliwa. Mtu akiwatawala vema, aweza kuishi nao miaka 30 au 40, akalima, akasomesha watoto, akacheza na wajukuu. Akiwaacha wajitawale, siku moja watamtoa yeye katika nyumba.

Taabu yetu ni kwamba twawatendea wapangaji kama wageni. Mtu apata dawa za presha za mwezi mmoja, kichwa chaacha kuuma, naye asema, "Nimepona." Huacha dawa. Hajapona hata kidogo. Dawa ndiyo iliyokuwa ikishikilia mlango, naye ameiondoa.

Nimemjua mkulima mmoja, mtu wa kahawa, hodari sana kwa kupogoa, ambaye alifanya hivyo hivyo. Alimeza tembe majuma matatu, akaona nafuu, akaziweka juu ya kabati. Miezi minane baadaye, katikati ya mavuno, aliamka asubuhi mdomo umekwenda upande, na mkono wa kuume hauinuki. Kilikuwa kiharusi. Yu hai hata leo, na tunashukuru. Lakini mkono ule haushiki makasi tena, na ekari mbili za kahawa yake sasa zapogolewa na vibarua wasiojua kazi. Mke wake aliniambia kaunta ya ofisi ikiwa katikati yetu, alipokuja kuandikisha mbolea ya ruzuku kwa jina lake mwenyewe: "Tembe zile bado ziko juu ya kabati."

PRESHA NI NINI?

Aliye na mashine ya kupiga maji kutoka mtoni ataelewa upesi. Moyo ni mashine, na mishipa ni mipira ya kupitisha maji. Nguvu ya maji ikizidi kipimo, mpira haupasuki siku ile ile. Huchoka pole pole, huvimba penye maungio, huliwa kwa ndani, na wewe waona maji yafika shambani kama kawaida. Siku upasukapo, wasema, "Ajabu, jana ulikuwa mzima!" Haukuwa mzima. Ulikuwa ukiharibika kimya kimya.

Ndivyo ilivyo damu. Presha iliyozidi haina maumivu yake maalumu. Watu wengi hudhani kwamba mwenye presha lazima aumwe na kichwa au asikie kizunguzungu. Si hivyo. Wengi hawasikii neno lolote mpaka mshipa upasuke au uzibe katika ubongo, au moyo uchoke, au figo zife. Kwa hiyo hakuna njia ya kuijua ila kupimwa. Muuguzi akikupima atakuambia hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika. Hesabu iliyo njema ni kama 120 juu ya 80. Ukionekana na 140 juu ya 90 au zaidi, katika siku mbili mbalimbali, daktari atasema una presha. Usikimbie kwa kipimo kimoja, maana hata kupanda kilima upesi kwaweza kuongeza hesabu; kaa kitini dakika tano, tulia, ndipo upimwe.

Na jambo hili si la watu wachache. Mwaka wa 2015 Serikali yetu ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Ilionekana kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha iliyozidi. Tena zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepata kupimwa presha maisha yao yote. Na kwa sukari, karibu watu tisa katika kila kumi hawakuwa wamepimwa. Hebu fikiri, kama tungeambiwa kwamba robo ya ng'ombe wa wilaya wana ugonjwa, na zaidi ya nusu ya zizi halijatazamwa na daktari wa mifugo, tungelala usingizi?

JE, DAWA HIZO ZAFAA KWELI?

Mkulima hapendi kuambiwa tu, apenda kuonyeshwa. Sisi katika kilimo tukitaka kumwonyesha mtu faida ya mbolea, twagawa shamba vipande viwili. Kimoja chatiwa mbolea, kingine hakitiwi, na wakati wa mavuno kila mtu ajionea kwa macho yake.

Madaktari nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1967 ilitangazwa kule Marekani habari ya wanaume 143 waliokuwa na presha ya juu sana, wengi wao wakiwa wanatembea na kufanya shughuli zao. Kundi moja lilipewa dawa za kweli, kundi la pili lilipewa tembe zisizo na dawa ndani yake. Muda haukuwa mrefu. Katika kundi lisilopata dawa, watu 27 walipatwa na maafa makubwa ya kiharusi, moyo, figo na mengineyo. Katika kundi lililopata dawa, walikuwa 2 tu. Tangu siku hizo majaribio mengine mengi yamefanywa kwa watu maelfu na maelfu, wake kwa waume, wa rangi zote, nayo yote yamekwenda njia ile ile. Basi asikudanganye mtu kwamba dawa za presha ndizo ziletazo kiharusi. Kiharusi huletwa na presha isiyotawaliwa. Na mara nyingi huwapata wale walioanza dawa kisha wakaziacha.

KISUKARI NA KAZI YA SHAMBA

Habari ya kisukari ni jamaa ya hiyo. Mwili hutumia kitu kiitwacho insulini ili sukari itokayo katika chakula iingie mahali pa kazi. Kuna watu, hasa watoto na vijana, ambao insulini yao imekwisha kabisa. Na kuna wengine, hasa watu wazima, ambao wanayo lakini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Zamani mtoto wa namna ile ya kwanza alikuwa akifa tu. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto kule Kanada, kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa sindano ya insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Siku hizi, kwa insulini iliyo bora na vipimo vizuri, mtoto wa kisukari aweza kukua, akaoa, akazeeka. Lakini insulini haikumponya Thompson, wala haimponyi mtu leo. Humtunza siku kwa siku. Hapo tena twarudi pale pale pa tarehe na desturi.

Dalili za kisukari ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona. Lakini kisukari cha watu wazima huweza kukaa miaka bila dalili hata moja. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula, kikiwa 7.0 au zaidi kwa hesabu itumikayo katika hospitali zetu, tena kikirudiwa kikawa vile vile, ni kisukari.

Mkulima mwenye kisukari ana mambo matatu ya kuangalia kuliko karani wa ofisini. La kwanza ni miguu. Kisukari hufisha hisia za nyayo. Mtu aweza kukanyaga mwiba, au buti likamchubua kutwa nzima, asisikie. Vaa viatu shambani, kung'uta buti kabla hujalivaa, na kila jioni, baada ya kunawa, tazama nyayo zako na kati ya vidole. Kama macho hayaoni vema, mtoto akutazamie. Kidonda kidogo kipelekwe kliniki kesho yake, si baada ya mwezi. Miguu mingi iliyokatwa ilianza na lengelenge.

La pili ni chakula na jembe. Aliyejichoma insulini, kisha akaenda kulima bila kula, aweza kutetemeka, kutokwa jasho la baridi, na kuanguka. Kula kwanza, na uwe na sukari au peremende mfukoni. Waambie unaolima nao, wasije wakadhani umelewa.

La tatu ni kuhifadhi dawa. Insulini huharibiwa na joto la jua na pia kwa kugandishwa. Usiiweke karibu na mabati wala karibu na jiko. Pasipo friji, chungu cha udongo kilicholowanishwa maji na kuwekwa kivulini hupunguza joto. Muulize muuguzi jinsi ya kufanya na muda gani chupa yako yaweza kukaa.

WANAUME WAKO WAPI?

Nataka kusema neno moja kwa wanaume, nami ni mmoja wao. Mama zetu na wake zetu hupimwa presha kila waendapo kliniki ya wajawazito. Hupeleka watoto kupimwa uzito. Njia ya kliniki waijua. Lakini mwanamume huiona zahanati kama mahali pa wanawake na watoto, na pengine kipimo chake cha kwanza hupimwa akiwa amebebwa. Wengine hutoa udhuru, "Mimi nalima kutwa, mwili wangu una nguvu." Ni kweli kwamba kazi ya jembe yafaa sana kwa moyo, na afadhali wewe kuliko mtu akaaye kitini kama mimi. Lakini jembe halizuii presha kwa kila mtu. Kama baba yako au mama yako alikuwa nayo, au umepita miaka 40, au tumbo limeanza kutangulia, kipimo ni juu yako.

Maoni yangu ni haya: kama wanaume hawaendi penye kipimo, kipimo na kiwaendee wanaume. Wako wapi siku zote? Wako penye tanki la maziwa saa kumi na mbili asubuhi. Wako penye kituo cha kununulia majani ya chai. Wako kiwandani mwa kahawa, penye josho, na penye foleni ya mbolea. Katika nchi yetu mna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na zaidi, nao tangu mwaka wa 2023 walipewa mikoba yenye vifaa, kikiwamo cha kupimia presha na cha kupimia sukari. Kamati ya chama cha ushirika ikimwomba mmoja wao aje mara moja kwa mwezi kukaa penye mizani ya maziwa, haitagharimu ila kiti, meza na kivuli. Anayepimiwa maziwa yake apimwe na yeye. Tena mtu akimwona jirani yake amenyosha mkono, hataona haya.

NENO KWA WENYE MAMLAKA

Lakini si haki kumlaumu mkulima peke yake. Nimesikia mara nyingi, "Karani, nimekwenda kliniki kwa tarehe yangu, nikaambiwa dawa hakuna, nikanunue." Jambo hili hutokea, nasi tusilifunike. Kazi ya kutunza zahanati ni ya serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013, na dawa ya presha haina siri: idadi ya wagonjwa yajulikana, tembe wanazomeza kwa mwezi zajulikana. Kamati ya josho huagiza dawa ya kupe kabla birika halijakauka. Mwenye ghala la zahanati naye afanye hivyo. Mgonjwa ambaye amefundishwa kushika tarehe, kisha akafika akakuta rafu tupu mara mbili, mara tatu, atajifunza kutokuja.

Tena kuna jambo lililokwisha kujaribiwa. Ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wametufundisha sote. Humeza dawa kila siku, hushika kadi zao, na wale ambao hali yao imetulia hupewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, wasipoteze nauli na siku ya kazi kila mwezi. Kwa nini mkulima wa presha ambaye hesabu zake zimetulia asipewe vivyo hivyo, hasa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna? Jambo hili naliomba kwa wakubwa wa afya. Atembeaye kilomita 10 kwa ajili ya tembe za siku 30, na mvua imeanza, ataacha tembe aende kupanda. Msimlazimishe kuchagua.

HABARI YA FEDHA

Fedha za mkulima huja kwa msimu, bali tembe huliwa kila siku. Hapo ndipo wengi huanguka. Basi tumia njia unayoijua. Katika magharibi ya Kenya, upande wa Eldoret, madaktari na wanavijiji wameunda vikundi ambamo wenye presha na kisukari hukutana pamoja, hupimwa, huzungumza na mganga, na wakati huo huo huweka akiba na kukopeshana. Mkutano ni mmoja, faida ni mbili. Vikundi vya kuweka akiba tunavyo kila kijiji. Kinachopungua ni kile kitambaa cha kupimia tu.

Na ujiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Usingoje siku ya kulazwa. Chama cha ushirika chaweza kukusaidia kwa kukata mchango katika malipo ya maziwa au ya kahawa, kama kikatavyo deni la mbolea. Angalia hesabu kwa mtazamo wa mbele. Figo zikifa, mtu husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma, saa tatu hadi nne kila mara, maisha yake yote, ila akipata figo ya kupandikizwa. Nani atakama ng'ombe siku hizo? Presha na kisukari ndizo sababu kubwa za figo kufa. Ng'ombe auzwaye kulipa nauli ya mashine angaliweza kuwa zizini leo.

YA KUFANYA

Wengine watauliza, je, haya yote hayaepukiki? Mengi yaepukika, wala si kwa miujiza. Katika nchi ya Ufini kuna jimbo la wakulima na wafugaji liitwalo North Karelia. Wanaume wake walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu mahali pote duniani. Walikula siagi nyingi na chumvi nyingi, na kuvuta tumbaku. Mwaka wa 1971 wenyeji waliiandikia Serikali yao kuomba msaada, na mwaka wa 1972 kazi ikaanza. Watu walipimwa, wenye presha wakaandikwa katika daftari na kutibiwa, vyama vya wanawake vikafundisha mapishi, na wafugaji wengine wakasaidiwa kulima matunda. Baada ya miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wale ni wakulima kama sisi. Walilolifanya hapo twaliweza.

Kwa hiyo nakuachia mambo machache ya kubandika ukutani:

1. Pimwa presha walau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii vibaya. Ukiwa na miaka zaidi ya 40, au mnene, au jamaa zako wana kisukari, pimwa sukari pia.

2. Punguza chumvi. Kiasi cha mtu mzima kwa siku nzima kisizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya pakiti. Usinyunyize chumvi mezani. Punguza sukari ya chai na mafuta ya kukaanga.

3. Kula unacholima. Maharagwe, kunde, mtama, wimbi, mboga za majani na matunda ni dawa iliyoko uani. Usiuze yote ukanunue soda na mandazi. Acha tumbaku, na pombe ipunguzwe au iachwe.

4. Dawa uliyoandikiwa meza kila siku kwa saa ile ile. Usiiache wala kuipunguza bila kumwuliza daktari. Ikikuletea kikohozi, kuvimba miguu au udhaifu, mwambie. Ziko za namna nyingine. Usimpe jirani tembe zako, wala usile zake.

5. Kama watumia miti shamba, mwambie daktari bila kuona haya, wala usiache tembe kwa ajili yake. Na wale wenye maumivu ya mgongo baada ya kulima, jihadharini na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kuzila kila siku. Hupandisha presha na kuumiza figo.

6. Mwenye kisukari atazamwe macho na figo zake kila mwaka, na miguu yake aitazame mwenyewe kila jioni.

7. Mtu akipinda mdomo ghafula, au mkono mmoja ukalegea, au maneno yakavurugika, ni kiharusi. Usimkande, usimngojee apate nafuu. Apelekwe hospitali saa ile ile.

8. Weka daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na mwili ni mali. Andika tarehe, hesabu za presha au sukari, dawa ulizopewa na siku ya kurudi.

Juu ya jambo hili la nane naomba nikazie. Wengi wenu mna daftari la ng'ombe: siku alipopandwa, siku atakapozaa, kilo za maziwa asubuhi na jioni. Fungua ukurasa mmoja katika daftari hilo hilo, juu yake uandike jina lako mwenyewe. Chora mistari minne. Kipimo cha kwanza kiandikwe kabla ya mwisho wa mwezi huu, na ukienda kliniki lichukue daftari hilo kwapani. Daktari akiona hesabu za miezi sita zimepangwa vizuri, atakutibu vema zaidi kuliko akikisia kwa kipimo cha siku moja.

Na mwenye tembe juu ya kabati, azishushe leo. Atazame tarehe ya kuharibika iliyoandikwa, na kesho azipeleke kliniki, akamwambie muuguzi tangu lini aliacha. Muuguzi hatamkaripia. Na akimkaripia, avumilie, maneno hupita.